Aliyemkaribisha Placida

Jua lilikuwa linazama nyuma ya mahema nilipochukua ndoo kwenda kuteka maji ya mbwa.

Ndivyo nilivyomwambia Telesphor. "Shemeji, naenda kumtekea Mbege maji."

Alikuwa amepiga magoti kwenye nyasi, anampiga mbwa brashi. Hakuinua hata kichwa. "Poa, shem. Bomba liko kule mwisho, chini ya ua wa miti."

Alifurahi kwamba nimekuja. Tangu asubuhi alikuwa akiniambia jinsi mdogo wangu Placida angefurahi kutuona tumepatana, nami nikawa natabasamu mpaka taya zinauma. Ndani ya ndoo, chini ya taulo, kulikuwa na kopo tupu la kahawa na jani moja kavu la sale, mmea wa heshima kwetu Wachaga. Sikwenda pale kuangalia maonyesho ya mbwa. Nilikwenda kumchukua mdogo wangu nimrudishe nyumbani.

Nianze na hao mbwa, maana mimi si mtu wa mbwa. Kwetu Kibosho mbwa analala nje, anakula makombo, na akijisahau akaingia sebuleni anatolewa kwa fagio. Placida ndiye aliyekuwa na kichaa hicho. Alipopata kazi ya uuguzi huku London, kitu cha kwanza alichonunua hakikuwa kitanda, alikuwa mbwa. Jike, la ile aina yenye mstari mgongoni, manyoya yake yanaota kuelekea mbele wakati mengine yanalala nyuma. Rangi yake ilikuwa ileile ya mbege, pombe yetu ya ndizi, ikiwa kwenye kata, basi akamwita Mbege. Waingereza wa klabu ya mbwa wa aina hiyo walimwita "Embegi". Tulicheka mpaka machozi, mabibi wazima wa Kizungu wanaiita pombe yetu katikati ya uwanja.

Kila mwisho wa kiangazi klabu hiyo hupiga kambi ya wikiendi kwenye shamba moja nje kidogo ya Enfield. Jumamosi ni mahema, nyama za kuchoma na stori za mbwa. Jumapili ni maonyesho yenyewe, na vikombe. Placida na mume wake Telesphor hawakukosa hata mwaka mmoja.

Jambo jingine la kujua: Placida alikuwa na pumu tangu utotoni. Ikimshika, kifua chake kilipiga mluzi mrefu, na mwisho wa mluzi kulikuwa na kikwikwi kidogo... hik... cha mtoto aliyelia sana. Tukiwa wadogo tulilala kitanda kimoja, na mluzi ule ningeutambua popote. Huku London alimfundisha Mbege. Mbwa akiusikia tu anaacha kila kitu, anakimbia kuitafuta ile pampu ya bluu ya kuvuta, anamletea mkononi. Niliona kwa macho yangu mwenyewe, jikoni kwao Queensbury. Siku hiyo niliacha kumcheka.

Januari, Placida alikutwa amekufa kwenye ngazi za nyumba ileile.

Pumu, wakasema. Pampu haikuonekana popote. Telesphor alilia sana, akasema yeye alishaondoka kwenda kazini na alimwacha mke wake mzima. Lakini ghorofa ya chini anaishi mwenye nyumba, Alkesh, Mhindi wa Nakuru anayeongea Kiswahili kuliko watoto wetu wa huku. Msibani alinivuta pembeni, karibu na friji.

"Dada, hii kitu inanisumbua. Hiyo siku nilisikia mbwa akilia kwa garden. Alikuwa amefungiwa nje kwa baridi, anakwaruza mlango vibaya sana."

"Telesphor alikuwa ameshatoka?"

Alkesh akatazama sebuleni, akashusha sauti. "Hapana. Gari yake niliisikia ikitoka baadaye."

Baadaye. Neno hilo nililala nalo, nikaamka nalo, nikapanda nalo basi kwenda shifti. Kwa nini umfungie nje mbwa anayejua kuleta pampu, kisha uwashe gari uondoke? Wiki ileile Placida alikuwa ameniambia ndoa imemshinda. Anarudi Moshi moja kwa moja, na Mbege anaondoka naye. Mbwa ni wake, kamlea yeye. Telesphor ndiye aliyekuwa akimkimbiza uwanjani na kupigwa picha na vikombe.

Nilitaka daktari auangalie mwili tena. Nilitaka polisi. Lakini kabla karatasi za safari za mama hazijatoka, Telesphor, kwa kuwa ndiye mume, alitia sahihi, na mdogo wangu akachomwa. Mchaga mzima akatiwa tanuruni! Sisi tunalazwa kihambani, katikati ya migomba, karibu na baba zetu. Ufie wapi, ufie lini, watu watachanga mpaka urudi. Majivu yake Telesphor akaenda kuyamwaga kwenye shamba la kambi, chini ya ua wa miti, kwa sababu eti alipapenda. Alinitumia na picha. Mpaka leo nikiifungua picha ile nasikia hasira, si huzuni.

Mama hakulia kwenye simu. Aliniambia cha kufanya.

"Nenda pale alipomwagwa. Chota udongo, utie kwenye kopo, uweke sale juu. Mwite jina lake, mwambie twende nyumbani. Halafu funga kopo haraka, na usitoe sauti mpaka umelifunga. Marehemu akishaitwa anasimama, Haika. Macho hana. Anafuata sauti. Atakwenda kwa yule atakayemkaribisha."

"Mama, kule ni Wazungu watupu. Nani atamkaribisha?"

"Wewe wahi tu, mwanangu."

Ndiyo maana nilimpigia Telesphor simu kwa sauti ya asali, nikamwomba nifuatane naye kambini "kumuaga Placida". Na ndiyo maana jioni ile nilikuwa naelekea bombani na ndoo.

Mahema yalikuwa yamewashwa taa, moshi wa nyama umetanda, na mbwa wanabweka kila kona. Nilifungulia maji yatiririke ndooni ili yanifunike. Nikapiga magoti chini ya ua, pale palipoonekana kwenye picha. Udongo ulikuwa baridi na laini kuliko ulivyopaswa kuwa. Nikachota kwa kiganja. Ndani yake mlikuwa na chembe ndogo nyeupe... sikuzitazama mara mbili. Nikajaza kopo, nikalaza sale juu.

"Placida," nikanong'ona. "Twende nyumbani."

Mbwa wote wakanyamaza.

Nimesema wote. Uwanja uliokuwa ukibweka tangu asubuhi ulikatika sauti. Nilisikia maji tu yakifurika kwenye ndoo. Halafu ikaja harufu. Mafuta ya mkaratusi, yale aliyokuwa akijipaka kifuani kila usiku. Na nyuma ya mkaratusi, harufu ya kitu kilichoungua.

Nikashika kifuniko. Vidole vikanisaliti, kikadondoka kwenye nyasi ndefu. Nikapapasa huku na huku. Kitu kikanipita. Hakikunigusa. Ubaridi wake tu ulipita shingoni mwangu, taratibu, ukielekea kwenye mahema. Nilitaka kuita, nikakumbuka mama alichosema, nikang'ata mdomo. Nikaendelea kupapasa.

*Hodi...*

Sauti ya kike. Laini. Mwisho wake ina kikwikwi.

Ilitoka upande wa hema letu.

Katika uwanja ule mzima palikuwa na mtu mmoja tu wa kulijibu neno hilo. Amelelewa na mama wa Kichaga, na tangu utotoni mdomo wake unajibu kabla kichwa hakijauliza ni nani. Hema halina mlango wa kugonga. Alidhani ni mimi nimerudi na ndoo yangu.

*Hodi...*

Nyamaza, Telesphor. Nilimwomba kimoyomoyo, na hiyo ndiyo mara pekee niliyowahi kumwomba yule mtu kitu chochote. Kidole changu kikagusa ukingo wa kifuniko.

"Karibu, shemeji!" akaitikia kwa furaha. "Ingia tu."

Mbwa wote wakaanza kulia kwa pamoja. Hawakubweka. Walilia.

Nilifika hemani na ndoo nusu tupu, kopo limefungwa kwapani. Telesphor alikuwa amekaa kwenye kiti cha kukunja, taa ya betri miguuni.

"Shem, mbona umepiga hodi halafu ukapotea?"

"Ndiyo nafika sasa hivi."

Akacheka. Halafu akaacha kucheka.

Viti vilikuwa viwili. Kile cha pili hakikuwa na mtu. Mbege alikuwa amekaa mbele yake, kichwa amekilaza hewani, usawa wa mapaja ya mtu aliyeketi. Amefumba macho. Mkia unapiga turubai. Tap... tap... tap... Manyoya ya utosini mwake yalikuwa yanalala, yanainuka, yanalala.

Palikuwa na mkono unampapasa.

Kuanzia mlangoni hadi kwenye kile kiti zilikuwepo nyayo za majivu. Ndogo, za miguu mitupu. Zilizoingia nilikuwa naziona. Zilizotoka hazikuwepo.

"Haika." Hakuwahi kuniita jina langu. "Nani amekaa hapo?"

Sikumjibu yeye. Nilikiambia kile kiti, "Placida. Mdogo wangu. Twende nyumbani, mama anakusubiri."

Mkia ukatulia.

"Bado, dada."

Sauti ilikuwa ya Placida. Mdomo ulikuwa wa Telesphor. Macho yalikuwa yamemtoka, mikono miwili imeshika koo lake mwenyewe, na midomo yake ikawa inacheza bila ruhusa yake.

Niliogopa, sikatai. Nikakaa palepale kwenye nyasi. Lakini chini ya ile hofu kulikuwa na kitu kitamu, nacho kilikuwa furaha.

Mtu mwingine angefunga virago usiku uleule. Telesphor alilala garini, na asubuhi akajifanya amekula nyama mbovu. Alioga, akavaa suti, akajifunga namba yake mkononi. Alikuwa ameshalipia mbwa huyu kwa pumzi ya mke wake. Angekiachaje kikombe?

Uwanja wa maonyesho ulizungushiwa kamba, jua la Jumapili linawaka, watu wamekaa kwenye viti vyao na vikombe vya chai. Jaji alikuwa mama mmoja mrefu mwenye kofia ya majani. Akawaagiza wakimbie mduara, kila mtu na mbwa wake. Mimi nilisimama karibu na kamba, kopo langu ndani ya mkoba.

Niliusikia kabla ya wengine.

Mluzi. Mrefu, mwembamba... *hik*.

Telesphor hakuwahi kuumwa kifua maisha yake yote. Alikuwa akicheza mpira kila Jumamosi. Sasa alikuwa anakimbia mdomo wazi, na kifuani mwake unatoka mluzi wa mdogo wangu, uleule wa kitandani kwetu, na kikwikwi chake mwishoni. Akapunguza mwendo. Akashika goti.

Mbege akasimama, masikio juu.

Akachomoa shingo kwenye mkanda, akaruka kamba, akatimua mbio kuelekea kwenye magari. Watu wakacheka na kupiga makofi. Buti la gari la Telesphor lilikuwa wazi. Nikamwona Mbege akiingia, akifukua mablanketi, akifukua zulia, akifukua mpaka kule chini linakokaa tairi la akiba. Aliporudi alikuwa na kitu mdomoni.

Kitu cha bluu.

Telesphor alikuwa ameshaanguka kwa magoti, midomo imekuwa ya kijivu. Mbege akampita. Akaenda kukaa hatua moja kando yake, mbele ya hewa tupu, akainua kichwa na kungoja mkono upokee. Akangoja. Kisha akageuka, utafikiri ameambiwa, akaja kuitua pampu miguuni pangu. Ilikuwa na lebo ya duka la dawa, na kwenye lebo jina la mdogo wangu.

"Is that his?" jaji akapiga kelele. "For heaven's sake, give it to him!"

Nilivuka kamba, nikachuchumaa mbele ya shemeji yangu. Nafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, najua muda ambao mtu anaweza kukaa bila hewa. Nilimwuliza taratibu, kwa Kiswahili, wasielewe.

"Ilikuwa inafanya nini kwenye gari lako, Telesphor?"

Machozi tu yalikuwa yanamtoka.

Nilimpa. Wala usinisifu, haikuwa huruma. Nilimshika kidevu nikambonyezea pampu mdomoni kwa sababu nilikuwa nimeona begani pake, kwenye koti, alama ya vidole vya majivu. Vimetulia pale bila haraka yoyote, mkono wa mke kwenye bega la mumewe. Placida alikuwa na muda. Na mimi sikutaka Telesphor afe siku ile. Nilitaka aishi miezi na miezi, aijue kazi ya kutafuta pumzi.

Hospitali walimpima, wakasema mapafu yake ni safi kabisa. Wakampa dawa za wasiwasi. Polisi utawaambia nini? Mbwa ameleta pampu? Mwili wa kupimwa ulishakuwa majivu, alihakikisha hilo mwenyewe. Mbege nikaondoka naye kwenda kwangu Tottenham, na Telesphor hakuthubutu kumwulizia.

Kila Jumapili baada ya misa nilikwenda Queensbury na kopo langu. Alkesh alikuwa ananifungulia huku ameshika ufagio. Kila asubuhi alikuwa akifagia vumbi la kijivu kwenye ngazi, na kesho yake linarudi. Mke wake alishakataa kupanda juu. Telesphor alilala amekaa, mito mitatu mgongoni, suti zake zote zinamning'inia. Nami nilikuwa namwuliza yule aliyekuwa ndani yake swali moja tu.

"Placida, twende nyumbani?"

Midomo ya Telesphor ilikuwa inajibu, naye analia. "Bado, dada."

"Shemeji, nakuomba," alikuwa akinong'ona akirudishiwa sauti yake. "Mwambie aondoke."

"Mimi? Wewe ndiye uliyemkaribisha."

Nilikuwa nalisema hilo kila wiki, na kila wiki lilikuwa tamu.

Novemba nilimkuta amesimama mlangoni ananingoja. Alikuwa ameshika jani la sale. Huku London sale linauzwa kama ua la sebuleni, kwenye chungu, na wenye maduka hawajui wanachouza. Alikuwa amelikata jani moja na kulifunga fundo. Kila Mchaga anajua maana yake. Anayekuletea sale lenye fundo anaomba msamaha, na hata akiwa amekuulia ndugu, unalipokea.

Akapiga magoti pale kwenye zulia la Alkesh.

"Tuligombana," akasema kwa vipande, akivuta hewa kati ya neno na neno. "Alisema... anaondoka na mbwa. Nilichukua pampu ili... asitoke tu. Akae tuongee. Nilidhani ana nyingine kwenye droo. Haki ya Mungu, Haika. Nilidhani ana nyingine."

Labda ni kweli. Labda alisimama chini ya ngazi akausikiliza ule mluzi mpaka ukaisha, ndipo akawasha gari. Hilo sikulijua siku ile, na silijui leo. Nilichojua ni kwamba mbwa hakujifungia nje mwenyewe.

Akaninyooshea sale kwa mikono miwili.

Nililitazama jani lile. Nikafikiria tanuru. Nikafikiria mama, amekaa Kibosho bila kaburi la kupalilia. Moyo wangu ulikuwa mkavu kabisa.

"Mpe aliye ndani yako," nikamwambia. "Mimi sipokei."

Nikatoka. Sikufunga hata mlango.

Alhamisi yake Alkesh akapiga simu nikiwa nimetoka shifti, namvua Mbege mkanda wa shingo. "Dada Haika, pole sana. Telesphor ametuacha leo mchana. Alikuwa amekaa tu kwa kiti. Na dada... hizo ngazi. Zimekuwa safi. Hakuna vumbi hata kidogo."

Nikakaa chini nikalia kwa furaha. Amemaliza. Mdogo wangu amemaliza, sasa anakuja. Nikampigia mama hapohapo.

"Shimo kesho asubuhi linachimbwa," mama akasema. "Pembeni ya baba yako. Migomba miwili imeshakatwa." Kisha akauliza, "Yule kijana, kabla hajafa, alikuletea sale?"

"Alileta."

"Ukalipokea."

Nje basi likapita.

"Haika. Ulilipokea?"

"Mama, alimuua mwanao!"

"Sale halikataliwi, Haika! Hata la adui. Mtu aliyekataliwa sale hana pa kulala." Simu ikakatika.

Mimi na hasira yangu tukasema hilo ni shauri la Telesphor. Akalale anakotaka, alale hata barabarani. Nilichukua kopo la kahawa nikaliweka katikati ya meza, nikafungua kifuniko, nikakaa mbele yake bila kuwasha taa. Dirishani mbingu ilikuwa inageuka nyekundu juu ya maghorofa ya kaunsili. Jirani alikuwa anakaanga samaki. Mbege alilala miguuni pangu.

Akainua kichwa.

Mafuta ya mkaratusi...

Harufu yake ilikuwa inapita chini ya mlango, polepole, mpaka harufu ya samaki ikapotea. Mkia wa Mbege ukaanza kupiga sakafu. Tap... tap... tap...

*Hodi...*

Nimehudumia wazee wanaokufa miaka yote hii, lakini sauti ile ilinifanya mtoto. Nilikuwa nimeisubiri tangu Januari. Nikasimama, machozi yananitoka, nikaitikia kwa moyo wangu wote.

"Karibu, mdogo wangu! Ingia tu!"

Mlango haukufunguka. Lakini sakafuni, kutokea pale mlangoni, zikaanza kutokea nyayo. Ndogo, za majivu, moja baada ya nyingine. Zikapita kando ya Mbege, akazilamba. Zikafika mezani. Udongo ndani ya kopo ukatikisika kidogo, ukatulia. Nikalia kwa sauti. Nikachukua kifuniko, nimfungie, nimpeleke kwa mama.

Mbege akaacha kupiga mkia.

Alikuwa anautazama mlango. Ule mstari wa mgongoni ulikuwa umesimama wote, kuanzia mabegani hadi kiunoni. Akaonyesha meno. Akaanza kurudi nyuma mpaka akajibana kwenye miguu yangu, anatetemeka.

Sakafuni, nyuma ya nyayo zile ndogo, kulikuwa na nyingine. Kubwa. Za viatu vya suti.

Ukaja mluzi wa kifua. Mrefu, mwembamba... *hik*. Lakini kifua kilichoutoa kilikuwa cha mwanamume.

"Asante, shemeji."